Kadi ipo mfukoni, mkono uko wapi?

Humu ndani tumeshaongea sana habari za uchumba, mahari, harusi na fungate. Leo twende mbele kidogo, mpaka usiku ule mama anaposhikwa na uchungu. Na kaka, usifungue ukurasa mwingine, wewe ndiye ninayekutaka hasa.

Nina rafiki yangu, mwalimu wa sekondari wilayani Hanang, siyo mbali na Katesh. Mumewe naye ni mtumishi wa serikali, kwa hiyo upande wa bima walikuwa wamekamilika. Uchungu ulipoanza, shemeji alitafuta gari, akabeba begi, akawahi mapokezi na kadi mkononi. Wakamwambia, "Asante baba, subiri nje." Akasubiri nje mpaka kunakucha. Ndani, mkewe alilala kitanda kimoja kati ya vingi, nesi mmoja akikimbia huku na huku. Mtoto alizaliwa salama. Lakini nilipompelekea mtori, aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Dada, kadi ilikuwa nje na mume wangu. Mimi nilikuwa ndani peke yangu."

Mtoto sasa ana miaka mitatu. Shemeji anataka wa pili, mke hataki hata kusikia. Nyumba imeingia baridi. Juzi shemeji akanipigia: "Shem, kosa langu ni nini? Bima ninayo, gari nilitafuta, nje nimekesha. Nilitakiwa nifanye nini tena?"

Shemeji, hukukosea. Ulifanya nusu, na wala siyo nusu ndogo. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti uliofanyika Mbulu na Hanang, enzi hizo wilaya hizi zikiwa bado mkoa wa Arusha. Watafiti waliwauliza watu habari za dada zao: nani yu hai, nani alifariki kwa uzazi. Kutokana na majibu ya majumbani wakakadiria kuwa katika kila vizazi hai 100,000, akina mama 362 walipoteza maisha. Tumesogea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 kwa Tanzania nzima, na akina mama 81 katika kila 100 walijifungulia kwenye vituo vya afya.

Pesa ina nafasi yake hapo. Kwa miaka mingi sera imesema huduma ya mjamzito katika vituo vya umma ni bure, lakini wewe na mimi tunajua habari za nauli, glavu na dawa iliyoisha dirishani. Ndiyo maana bima ina maana. Watumishi walipata Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001. Wakulima na wafugaji wakapata Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, na Hanang ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo. Ulipoboreshwa mwaka 2018, sehemu nyingi kaya ya watu hadi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hongera kwetu.

Sasa nusu ya pili. Nusu ya pili ni mtu.

Wenzetu Ulaya na Marekani wanaye anayeitwa dula. Siyo nesi, siyo mkunga, hashiki mkasi wala sindano. Kazi yake ni kuwa pale: kukukanda mgongo, kukupa maji, kukutembeza, kukukumbusha kupumua, na kumwita nesi akiona mambo yamebadilika. Ukimsimulia bibi yako kule Dongobesh atacheka, maana kwake hilo ni jambo la kawaida. Nani alimwacha mwanamke na uchungu peke yake? Tulipohamia hospitali, na tulifanya vizuri kuhamia, huyo mtu tukamwacha getini.

Mwaka 2017 wataalamu walijumlisha majaribio 26 kutoka nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000. Waliokuwa na mtu wa kukaa nao muda wote walijifungua zaidi kwa njia ya kawaida, uchungu ulikuwa mfupi kidogo, upasuaji ulipungua, na wachache zaidi walitoka na kumbukumbu mbaya ya siku ile. Hiyo ya mwisho isome mara mbili, shemeji. Na siyo mambo ya Wazungu tu: kati ya 2016 na 2018, vituo 9 vya serikali mkoani Kigoma vilijaribu kumruhusu mama aje na mwenza wake wa kujifungua.

Lakini msinielewe vibaya. Mkono wa dada hauzuii damu kutoka. Mkunga aliyesoma bado anahitajika, tena aliyenolewa. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyopo Mbulu tangu 1955, iliongoza mpango wa mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa wakunga pamoja na vifaa bora, katika vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara ikiwemo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025: vifo vya akina mama vilipungua kwa takriban robo tatu. Kwa hiyo mkunga, kadi na mkono ni vitu vitatu, na kimoja hakizibi pengo la kingine.

Mfanye nini? Kadi ishughulikieni kabla ya mimba, kwa sababu bima nyingi za hiari zina muda wa kusubiri kabla hazijalipia uzazi. Kliniki nendeni wawili, muulize mapema: je, anaruhusiwa mtu kuingia? Wodi nyingi ziko wazi na hazina mapazia, hivyo mwanaume anaweza kukataliwa kwa heshima ya akina mama wengine. Basi mchagueni mwanamke mnayemwamini, dada, shangazi au wifi, mradi awe mtulivu na siyo wa kusimulia misiba ya wenzie wakati uchungu umepamba moto. Na barabara za Mbulu zikinyeshewa mnazijua: wekeni nauli pembeni, na dharura ikitokea pigeni 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama wa kusafirisha wajawazito.

Shemeji nilimpa kazi moja tu: asizungumzie mtoto wa pili, amuulize mkewe usiku ule ulikuwaje, kisha anyamaze asikilize. Alinipigia tena wiki iliyofuata. Waliongea mpaka saa nane za usiku, na wote wawili walilia. Mke bado hajasema ndiyo. Amesema tu kwamba ikitokea, dada yake wa Mbulu ndiye atakayeingia naye, na nesi aambiwe mapema.

Kwangu mimi hilo tayari ni penzi. Tukutane mwezi ujao, mbaki salama.