Kura Si Yetu, Gharama Ni Yetu

Ukisimama kwenye daraja la Moi's Bridge ukiitazama Nzoia ikipita, huoni dalili kwamba hapa ni mpakani. Lakini ni mpakani. Uasin Gishu, Trans Nzoia na Kakamega zinakutana jirani na mji huu, na mwenye mahindi anaweza kupakia gunia kaunti moja, akapita ya pili, akaliuza ya tatu kabla ya chakula cha mchana. Zamani mpaka ulikuwa mzito zaidi. Hadi mwaka 1902 eneo hili lote lilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Kisha Waingereza wakachora mstari mwingine, na wenyeji wakajikuta upande wa himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mbukusu akabaki huku na ndugu yake Mgisu akabaki kule, Msabaot huku na Msebei kule. Hakuna aliyeulizwa.

Naanza na jambo hilo kwa sababu swali ninalolipima ni la watu wasioulizwa. Nchi inapoamua kutoka katika muungano wa kisiasa, raia wake hupiga kura, au viongozi wake huamua kwa niaba yao. Je, sisi tulio nje, tusio na kura wala kiti, tuutazameje uamuzi huo?

Tarehe 23 Juni 2016 Uingereza ilipiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, asilimia 51.9 dhidi ya 48.1. Huku kwetu hukumu zilitoka haraka, na zilikuwa mbili. Wa kwanza walisema mkataa pema pabaya panamwita: taifa limeliacha soko kubwa la jirani zake kwa hasira, litajuta. Wa pili walishangilia: hatimaye nchi imekumbuka kwamba ni nchi, imechoka kupangiwa mambo na maofisa wa Brussels, nasi Waafrika tujifunze kusimama kwa miguu yetu.

Sikubaliani na yeyote kati yao. Wote wawili wanahukumu moyo wa anayeondoka, na siri ya mtungi aijuaye kata. Mtu wa nje hajui vizuri kilichomkera aliyemo ndani. Anachokijua kwa hakika ni kinachotokea uani kwake mlango wa jirani unapobamizwa. Basi tuutazame uani wetu.

Mwaka ule wa 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekaribia kutia saini Mkataba wa Ushirikiano wa Kiuchumi, EPA, na Umoja wa Ulaya. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha tangu Oktoba 2014. Kwa Kenya jambo hili halikuwa la anasa. Wanachama wenzetu wa wakati huo, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, walikuwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, na bidhaa zao ziliingia Ulaya bila ushuru hata pasipo mkataba. Kenya peke yake haikuwa na kinga hiyo. Mwishoni mwa 2014 mkataba ulipochelewa, wauzaji wetu wa maua walitozwa ushuru kwa karibu miezi mitatu, na funzo likaingia.

Kisha Uingereza ikapiga kura yake. Wiki chache baadaye, Julai 2016, Tanzania ilitangaza kwamba haitatia saini, na sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa msukosuko wa Uingereza: kwa nini tujifunge na Ulaya ambayo mnunuzi wetu mkubwa anaihama? Tuitendee haki Tanzania: hoja zake hazikuanzia London. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuwa akionya hadharani kwamba mkataba ule ungeviua viwanda vichanga vya Afrika Mashariki, na hoja hiyo ina uzito hadi leo. Lakini kura ya Waingereza iliipa hoja ya zamani wakati wake. Tarehe 1 Septemba 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini, wengine wakabaki pembeni, na mkataba wa jumuiya nzima ukakwama.

Yaliyofuata yanajulikana. Kenya ilitia saini peke yake na Uingereza mjini London, Desemba 2020, wiki chache kabla kipindi cha mpito cha Brexit hakijamalizika. Desemba 2023 ikatia saini peke yake na Umoja wa Ulaya, mkataba ulioanza kutumika Julai 2024. Yaani nchi moja ilitoka katika muungano wake kule kaskazini, na ufa ukaonekana katika muungano wetu hapa. Jumuiya yenye ushuru mmoja wa forodha ilianza kuwa na mwanachama mwenye mikataba yake binafsi na wakubwa wa nje.

Hata waridi lilipata taabu. Maua mengi ya Kenya hupelekwa kwanza Uholanzi, kwenye mnada mkubwa, ndipo yanunuliwe na maduka ya Uingereza. Zamani Uholanzi na Uingereza zilikuwa soko moja. Baada ya kutengana, ua lililopitia nchi ya tatu lilikabiliwa na ushuru wa asilimia 8 linapoingia Uingereza, ingawa ni ua la Kenya na Kenya ina mkataba. Ilibidi London isimamishe ushuru huo kwa muda, kuanzia Aprili 2024. Mchumaji wa maua ambaye hajawahi kuiona London alikuwa amewekwa katika hesabu ya kura ambayo hakuipiga. Asiyekuwepo na lake halipo: ndivyo ilivyo kwa wa nje kila mara muungano unapovunjwa.

Hapo mtu wa Moi's Bridge ana haki ya kuniuliza: wewe unayetetea miungano, umewahi kulima mahindi?

Swali lake ni zito. Huku tunapanda Machi na Aprili, tunavuna kuanzia Oktoba. Tuna msimu mmoja. Uganda huvuna mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa hapa anakopa mbolea, anakodi trekta, anangoja miezi, na siku anapoyaanika mahindi yake malori kutoka ng'ambo ya mpaka yamekwisha kuishusha bei. Broka anamwambia: chukua hii, au rudi nayo nyumbani. Maghala ya Halmashauri ya Nafaka na Mazao, NCPB, yako pale pale mjini anayaona, lakini malipo yakichelewa ada ya shule haingoji. Mtu huyu akisikia neno soko la pamoja, hasikii undugu. Anasikia bei ya gunia la kilo 90.

Mtu huyu ana mwenzake Uingereza. Boston ni mji wa wakulima, mashariki mwa nchi ile, ambako mboga huvunwa na vibarua wengi waliotoka Ulaya Mashariki. Wakazi wake walipiga kura ya kuondoka kwa asilimia 75.6, kiwango kilichopita miji yote ya nchi hiyo. Anayewaita watu wa Boston wajinga, aje awaite hivyo na wakulima wa Moi's Bridge mbele yao sokoni. Muungano huwa na faida kwa jumla, lakini hasara zake huangukia watu wenye majina na mashamba. Wasipofidiwa wala kusikilizwa, siku wakipewa kura wataitumia.

Hata hivyo tumekwisha kuonja dawa ya kufunga. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, sumu ya ukungu. Afya ya mlaji ni jambo la kweli, na sumu hiyo huua. Lakini katazo lilitoka ghafla, malori yakakwama mipakani, jirani wakakasirika, na siku chache tu baadaye likageuzwa kuwa masharti: waagizaji wajisajili, shehena iwe na cheti. Masharti hayo yangeweza kutangazwa mwanzo, kwa mazungumzo. Na mkulima wetu hakutajirika siku zile. Kenya hula mahindi mengi kuliko inayovuna, na mama wa Mombasa au Kibera anayenunua unga kwa pakiti ni Mkenya vilevile. Mkulima wa hapa anahitaji mashine za kukaushia nafaka, mbolea inayofika kabla ya mvua na malipo yanayofika kabla ya Januari. Mambo hayo yote yamo mikononi mwa serikali yetu wenyewe, na hakuna muungano uliotuzuia kuyafanya.

Sisi wenyewe tumewahi kuvunja muungano. Mji huu una stesheni ya reli, kwenye tawi lililofika Kitale mwaka 1926. Kwa miongo mingi reli hiyo ilikuwa sehemu ya shirika moja la nchi tatu, na behewa lililobeba mahindi ya huku lilikuwa mali ya Mkenya, Mtanzania na Mganda. Mwaka 1977 shirika likakatwa vipande. Idi Amin alikuwa ameshika Uganda tangu 1971, na Nyerere wa Tanzania hakukubali kukaa naye meza moja. Tanzania ililalamika kwamba Kenya ndiyo inayoneemeka, Kenya ikalalamika kwamba ndiyo inayobeba mzigo. Mapema 1977 Kenya ikaanzisha shirika lake la ndege, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na katikati ya mwaka Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikawa imekufa. Hadi leo kila nchi ina simulizi yake kuhusu nani aliyetoka kwanza.

Mtu wa nje aliuonaje uamuzi ule? Zambia, isiyokuwemo kabisa katika ugomvi, ilikosa bidhaa zilizopita Tanzania kutoka Kenya. Mpaka ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, alitumia miaka akihesabu mabehewa, ndege, majengo na madeni, hadi Mei 1984 ndipo mgawanyo ulipotiwa saini Arusha: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Hata baada ya hapo, wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya waliendelea kudai mafao yao Dar es Salaam katika miaka ya 2000, wengine wakiwa wamekwisha kuzeeka wakingoja. Kuvunja kulichukua miezi, kuhesabu kukachukua umri wa watu.

Hapa ndipo napata kipimo cha haki kwa mtu wa nje. Hana haki ya kumzuia mtu kuondoka. Muungano usio na mlango ni gereza, na gereza halijengi undugu. Lakini ana haki ya kudai kwamba anayeondoka apitie mlangoni, hatua kwa hatua, akiwa amelipa anachodaiwa, asibomoe ukuta unaomwegemea jirani. Uingereza, pamoja na kelele zake zote, ilipitia mlangoni: ilitoa notisi Machi 2017 na ikatoka rasmi 31 Januari 2020. Muda huo, pamoja na kipindi cha mpito kilichofuata, ndio ulioiwezesha Kenya kupata mkataba wake kabla mlango haujafungwa. Mali, Niger na Burkina Faso zilitangaza Januari 2024 kwamba zinatoka ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, papo hapo, ila kujitoa kukatambuliwa baada ya mwaka mmoja, Januari 2025, kama kanuni ilivyotaka. Mwaka ule mmoja uliwapa wafanyabiashara na wasafiri wa Afrika Magharibi nafasi ya kujipanga.

Jumuiya yetu ya sasa nayo ina mlango. Ibara ya 145 ya mkataba wake inataka theluthi mbili ya wabunge wote wa nchi husika wakubali, kisha notisi ya miezi 12. Ni kinga nzuri, nayo imetokana na jeraha la 1977. Lakini ningependa ipanuliwe. Miezi ile 12 iwe ya kufunga hesabu za pensheni na mali kwa maandishi, na jumuiya za mipakani, Malaba, Suam, Busia na Namanga, zisikilizwe rasmi kabla Bunge halijapiga kura. Watu hao ndio wa kwanza kulipa, na katika ibara hiyo hakuna kifungu kinachowataka waseme neno.

Mji huu uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Arthur Hoey, kabla haujapewa jina la Daniel arap Moi. Moi alikuwa makamu wa rais Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Alikuwa Arusha akiwa rais mwaka 1983, pamoja na Nyerere na Obote wa Uganda, mpaka ulipofunguliwa. Mwaka uliofuata alitia saini ya kugawana mali. Na tarehe 30 Novemba 1999 alirudi Arusha ile ile, safari hii pamoja na Mkapa wa Tanzania na Museveni wa Uganda, kutia saini ya kuijenga upya. Miaka 22 ilikuwa imepita, na mambo yaliyokuwa mezani yalikuwa yale yale: ushuru, barabara, mipaka, ziwa.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Huo ndio ushauri wa mtu wa nje kwa yeyote anayefikiria kutoka, awe London, Niamey au Nairobi. Kama ni lazima uende, nenda. Lakini iandike hesabu ikiwa wazi, wape jirani muda wa kujipanga, na maneno yako ya kuaga yawe ya mtu anayejua kwamba siku moja atarudi mezani.