Moshi Usioulizwa

Yuko mwanamke ambaye hajapata kutia sigara kinywani tangu azaliwe. Alifunzwa kupuliza moto wa kuni angali mtoto; akawapikia wazazi, kisha mume, kisha watoto, na sasa awapikia wajukuu. Kifua kikimbana huenda kwa tabibu. Tabibu humwuliza: Je, wavuta sigara? Naye hujibu: La. Jibu hilo ni la kweli, nalo huandikwa. Lakini moshi wa miaka arobaini haukuulizwa, kwa hiyo hauandikwi popote.

Nadai kwamba kosa hili si la tabibu mmoja. Ni kosa la elimu iliyozoea kumtazama mwanadamu siku anapougua, ikasahau siku zote alizoishi kabla yake.

Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kuwa wamekamilisha kazi ya kusoma jeni za mwanadamu. Furaha ilikuwa kubwa, nayo ilistahili. Lakini wengi walitumaini kwamba asili ya kila maradhi sasa itasomwa katika urithi wa damu. Mwaka 2005 Christopher Wild, mtaalamu wa asili ya saratani, alionyesha upungufu wa tumaini hilo. Alitunga neno eksposomu, maana yake jumla ya mambo yanayomfikia mtu, mbali na jeni zake, tangu kutungwa mimba hata mwisho wa uhai: hewa, maji, chakula, moshi, kazi na dhiki. Aliona kuwa ujuzi wa kupima jeni umeuacha nyuma sana ujuzi wa kupima mapito haya.

Tazama madini ya risasi. Yakimwingia mtoto kwa vumbi au hewa hujificha katika mifupa kwa miaka mingi. Mtoto wa kike akikua akachukua mimba, mifupa huweza kuyarudisha damuni, yakamfikia kiumbe aliye tumboni. Kiumbe huyo amerithi jambo lisilokuwamo katika jeni yoyote. Mjini Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu hii. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi hapo, aliuguliwa na mwanawe, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu ya mtoto. Kazi ya mama ndiyo iliyofumbua maradhi ya mwana. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, baada ya rufani, Mahakama ya Juu iliithibitisha haki yao mwaka 2024.

Wako watakaonipinga kwamba kumbukumbu ya mtu si kipimo, kwa kuwa mtu husahau na huongeza chumvi. Nakubali kwamba husahau. Lakini damu nayo husahau: sumu nyingi hutoka mwilini kwa siku chache, na hata risasi iliyomo damuni hueleza zaidi habari za majuma na miezi ya karibuni. Tupime damu, tupime na hewa, ila kipimo hakijui pa kuelekezwa mpaka mtu ameulizwa alikopita.

Wengine watauliza mwalimu wa lugha anatafuta nini katika uwanja wa matabibu. Hao nawajibu kuwa maswali hutungwa kwa maneno. Hojaji iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni ikafasiriwa kwa haraka humwuliza mama yule kama hukutana na uchafuzi wa hewa. Atasema hapana, kwa sababu hakuna auitaye uchafu moshi wa chakula cha wanawe. Mwulize habari za mafiga, kuni, mkaa na koroboi. Mwulize kama jiko lilikuwa ndani au uani, kama palikuwa na dirisha, na kama mtoto alikuwa mgongoni alipokuwa akipika. Hapo atakueleza mpaka jua litue. Maarifa anayo, sisi hatukuwa na swali.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa moshi wa nishati chafu majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Tanzania imekusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 watumie nishati safi ya kupikia. Kusudi hilo ni jema, lakini jiko jipya halifuti miaka iliyokwisha kuingia kifuani. Waliopikia kuni maisha yao yote wangali hai, nao hupungua kila mwaka. Wakifa bila kuulizwa, elimu itakuwa imepoteza kitabu ambacho hakina nakala.

Kwa hiyo yawapasa wanafunzi wa Kiswahili kuketi pamoja na wanafunzi wa utabibu, watunge maswali ambayo bibi zao wangeyaelewa bila kufasiriwa. Kazi hiyo haingoji mashine wala msaada wa ng'ambo. Yaweza kuanza kesho katika chumba cha tabibu yeyote. Baada ya kuuliza, Je, wavuta sigara? na aulize pia: Umepikia nini, mahali gani, na kwa miaka mingapi?