Brahmastra: Moto mwingi, uzito haba

SINEMA ya Kihindi ya Brahmastra, iliyotolewa Septemba 2022, ilikadiriwa kugharimu takriban rupia bilioni 4. Fedha hizo zinaonekana. Moto unaomtii Shiva, kijana anayeigizwa na Ranbir Kapoor, unastaajabisha, na mnamo 2024 sinema hiyo ilitunukiwa tuzo ya kitaifa nchini India kwa madoido yake ya kompyuta.

Hata hivyo, kazi inayokopa visasili haina budi kupimwa kwa visasili hivyo. Katika utendi wa Mahabharata, Brahmastra haiogopwi kwa miale yake tu. Arjuna na Ashwatthama wanapoirusha silaha hiyo, wahenga wanawaamuru wairudishe. Arjuna anaweza, kwani amejifunza kujitawala. Ashwatthama anashindwa, na maangamizi yanawageukia watoto walio tumboni mwa mama zao. Funzo ni zito: nguvu zisizo na nidhamu humwadhibu asiye na hatia.

Mwelekezi Ayan Mukerji aliweka penzi mahali pa nidhamu hiyo. Huo ni uhuru wake kama msanii. Tatizo ni kwamba Shiva na Isha, anayeigizwa na Alia Bhatt, wanapendana upesi mno, na maneno yao hutangaza yale ambayo matendo yangepaswa kuthibitisha. Hivyo, penzi linapoituliza silaha ya kuangamiza ulimwengu, mtazamaji huona mwanga lakini haoni gharama iliyolipwa.

Kwa picha, sinema hii ilifaulu. Kwa kisasili ilichokikopa, ingali na deni.