Chumvi ya Wieliczka na Jasho la Mchimbaji



Karibu na mji wa Kraków, nchini Polandi, upo mgodi wa chumvi uitwao Wieliczka. Ulianza kuchimbwa katika karne ya 13, na uchimbaji wa biashara ukakoma mwaka 1996. Nilipojaliwa kuuzuru, tuliteremka ngazi za mbao zaidi ya 350, tukazidi kushuka hadi mita 101 chini ya ardhi, ndipo tukaingia katika kikanisa cha Mtakatifu Kinga, msimamizi wa wachimba chumvi. Altare, sakafu na sanamu zimechongwa katika chumvi. Hata taa zinazoning'inia darini zimepambwa kwa fuwele za chumvi.

Wageni hustaajabu, na ni haki yao. Lakini macho yasiishie kwenye altare. Yaitafute pia mikono iliyoichonga. Kikanisa hicho kilianza kuchongwa mwaka 1896 na wachimbaji wenyewe, wa kwanza wao akiwa Józef Markowski. Ilikuwa miaka mitano tu tangu Papa Leo XIII atoe waraka wake *Rerum Novarum* kutetea haki za wafanyakazi.

Chumvi hiyo ilitajirisha ufalme. Mfalme Kazimierz alianzisha hospitali karibu na mgodi mwaka 1363, na mwaka uliofuata akaunda Chuo Kikuu cha Kraków, ambacho walimu wake walilipwa kutokana na mapato ya chumvi. Haya ni mema. Hata hivyo, chini kulikuwa na watu waliotambaa na mienge mirefu ili kuiteketeza gesi ya hatari kabla wenzao hawajaingia kazini. Msomi aliyepokea mshahara wake juu alidaiwa shukrani na mtu ambaye hakupata kumwona.

Mgodi huo huo, mwaka 1944, uliona uovu mkubwa. Wajerumani waliokuwa wameitawala nchi walileta humo kwa nguvu Wayahudi kutoka kambi za mateso, ili watayarishe kiwanda cha vipuri vya ndege za vita. Kuta zilikuwa zile zile, na chumvi ile ile. Kilichobadilika ni namna binadamu alivyotazamwa: mtu alifanywa chombo.

Yohane Paulo II, ambaye wakati wa vita hiyo alifanya kibarua katika machimbo ya mawe huko Kraków, alifundisha katika *Laborem Exercens*, mwaka 1981, kwamba mtu anayefanya kazi hutangulia mali. Kazi hupimwa kwanza kwa hadhi ya anayeitenda, ndipo kwa faida yake.

Ndugu walei, tusiyaache mafundisho haya Polandi. Tunapojenga kanisa la parokia, je, kibarua anayeponda kokoto hulipwa kwa wakati? Au tunamwambia asubiri, kwa kuwa kazi ni ya Mungu? Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimewahi kumchelewesha fundi kwa kisingizio hicho, huku watoto wake wakilala njaa. Mtume Yakobo anatuonya kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele mbele za Mungu.

Basi kila Jumuiya Ndogo Ndogo ikae iulizane: ni nani tunayemdai kazi, na sisi tunadaiwa nini naye? Kristo alitufananisha na chumvi. Chumvi iliyonyimwa ujira wa mchimbaji haiwezi kuikoleza dunia.