Mchanga wa Kwale umeisha. Na masomo yako?

Hebu sema ukweli. Ni mara ngapi umetumiwa ile video inayosema Mrima Hill ina madini ya thamani ya dola bilioni 62.4? Hujawahi? Basi huna mjomba kwenye wasapu. Sisi wa Kwale tunaipata kila baada ya miezi miwili mitatu, na chini yake hakukosi mtu aliyeandika, "na bado tunalala njaa."

Mimi ni mwanajiolojia. Ofisi yangu iko Ukunda, kama chumba kimoja juu ya duka la simu kinaweza kuitwa ofisi. Mjomba wangu akishanitumia ile video hufuatisha swali: "Wewe msomi, ni kweli?" Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa namjibu kulingana na nilivyoamka. Siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana. Shahada ninayo, picha ya joho iko ukutani kwa mama, lakini hakuna somo hata moja la chuo lililonifundisha kuichambua namba kama hiyo.

Leo naweza. Namba hiyo ilitangazwa mwaka 2013 na kampuni ya Cortec, iliyokuwa ikiitaka Mrima kwa ajili ya niobiamu na madini adimu, haya yanayotumika kwenye sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Ukichukua tani zinazokadiriwa kuwa ardhini ukazizidisha kwa bei ya sokoni, unapata mabilioni ya kutosha kumfanya mtu yeyote akose usingizi. Hesabu hiyo haiulizi ni kiasi gani kitatoka mwambani kikishasagwa na kutiwa kemikali. Haiulizi gharama. Haiulizi utaifanyia nini thoriamu, kwa sababu kilima kile kina mionzi ya asili na wanasayansi wanalijua hilo kwa miaka mingi. Wala haiulizi kuhusu msitu na kaya ya Wadigo iliyo juu yake. Ni kama kuhesabu nazi zote za shamba la jirani na kujiita tajiri wa mafuta ya nazi.

Leseni ya Cortec ilifutwa mwaka huohuo wa 2013. Kampuni ikaishtaki Kenya kwenye baraza la usuluhishi la ICSID, na mwaka 2018 ikashindwa, baraza likisema leseni haikuwa halali tangu mwanzo kwa sababu masharti ya sheria, yakiwemo ya mazingira, hayakufuatwa. Kesi ikaisha. Video haikuisha.

Sasa kwa nini nakusumbua na haya, wewe ambaye labda uko mwaka wa tatu chuoni, au umemaliza na unazungusha barua za kazi? Kwa sababu wageni wanarudi Mrima. Madini adimu yanatafutwa dunia nzima, na siku ya kukaa mezani itafika tena. Siku hiyo italetwa ripoti ya kurasa mia tatu. Nataka kujua ni kijana gani wa Kwale atakayeifungua na kuielewa.

Usiniambie, "Si kuna waliofanya kazi Base Titanium?" Wapo, na ni wazuri. Meli ya kwanza ya madini yao iliondoka Likoni Februari 2014, na mgodi ukasimamisha uchimbaji Desemba 2024. Kwa karibu miaka 11 mgodi huo mmoja ulibeba zaidi ya nusu ya thamani ya madini yote ya Kenya. Wenzetu wamejifunza mambo mengi mle: kuchukua sampuli bila kuichafua, usalama kazini, kutenganisha ilmenaiti, rutaili na zikoni kwa uzito, kwa sumaku na kwa umeme.

Lakini ule ulikuwa mchanga. Mchanga wa Magarini, uliolala kama kilima, laini, unaosukumwa kwa tingatinga au kupigwa maji ya presha ukaporomoka wenyewe. Mrima ni kitu kingine kabisa. Ni kabonatiti, mwamba uliopanda kutoka chini sana ukiwa moto, kisha ukaoza juu kwa mvua za mamilioni ya miaka. Kuna kanuni ya Australia inaitwa JORC, ambayo makampuni mengi hutumia kutangaza hazina zao za madini. Inasema anayetia sahihi lazima awe na uzoefu wa angalau miaka mitano katika aina hiyohiyo ya madini, na awe mwanachama wa chama cha kitaaluma kinachotambuliwa, chenye uwezo wa kumwadhibu. Miaka kumi ya mchanga hairuhusu sahihi yako kwenye kabonatiti. Ukitaka kuhama, lazima usome upya, ufanye kazi chini ya aliyekutangulia, uanze kama mgeni. Mtu mzima na watoto wake wawili, anaanza kama mgeni!

Hapo ndipo watu wengi hukwama, na siwalaumu. Tumelelewa tukiamini kusoma kuna mwisho. Unafanya KCSE, unaenda chuo, unavaa joho, mbuzi anachinjwa, umemaliza. Mtu wa miaka 34 akisema anasoma, wazee humuuliza kwa upole kama alifeli.

Nikueleze kilichonitoa mimi kwenye usingizi huo. Haikuwa madini, ilikuwa maji.

Kazi inayonilisha ni kutafuta mahali pa kuchimba visima. Pwani yetu ya kusini imepangwa kama mikeka: ufukweni kuna jiwe la matumbawe, nyuma yake mchanga, halafu vilima vya Magarini, halafu mawe ya mchanga ya Shimba Hills. Maji mazuri yapo, Tiwi yanatoka mengi, lakini bahari nayo iko palepale ikisubiri. Mwaka wangu wa pili kazini, mteja mmoja karibu na Diani aliniita. Nilipima kwa njia niliyofundishwa chuoni, ile ya kupitisha umeme ardhini na kusoma ukinzani chini ya nukta moja. Namba zikashuka kwenye kina cha mita thelathini hivi. Nikaandika: udongo wa mfinyanzi, chini yake kuna maji safi, chimbeni.

Haukuwa mfinyanzi. Ilikuwa chumvi. Mfinyanzi na maji ya chumvi vyote hupitisha umeme vizuri, na kwa nukta moja huwezi kuvitofautisha kwa urahisi. Walichimba, pampu ikawashwa, mzee mwenye shamba akaonja kwa kiganja. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Mwanangu, haya hata mbuzi hatakunywa." Pesa zake zilikuwa za mauzo ya ng'ombe na mkopo wa chama.

Baadaye niligundua kwamba njia ya kupima mstari mzima badala ya nukta moja, inayokuchorea picha ya ardhi kama umeikata kwa kisu, ilikuwapo miaka yote hiyo. Wenzangu wengine waliijua. Mimi sikuijua kwa sababu tangu joho sikuwa nimefungua kitabu. Nilijifunza kwa siku nne Mombasa, nikilala kwa binamu Likoni na kuvuka na feri alfajiri. Siku nne! Kama ningezitoa mwaka mmoja mapema, yule mzee angekuwa na ng'ombe wake.

Kwa hiyo mtu akiniambia masomo ya kazini ni anasa ya watu wa Nairobi, namkumbuka mzee yule.

Sheria ya Usajili wa Wanajiolojia ipo tangu 1993, na bodi ipo. Kusajiliwa ni lazima ukitaka kuheshimika kwenye kazi hii, na kama umehitimu na hujaanza safari hiyo, anza wiki hii. Lakini cheti cha usajili kinaeleza ulichokijua siku ile ulipokipata. Mawakili wa Kenya hukusanya pointi za masomo kila mwaka, wahandisi vilevile, madaktari vilevile. Mwanajiolojia mwenye hadhi ya juu katika chama cha London, kilichoanzishwa 1807, anatakiwa kuweka kumbukumbu za alichojifunza mwaka hadi mwaka. Watu wa mawe ya miaka milioni mia tano wanakubali kwamba elimu yao huchakaa!

Ila pointi nazo zina ugonjwa wake, na tusidanganyane. Nimewahi kulipia semina moja ya siku mbili hotelini, mbali na hapa. Matatu hadi Likoni, feri, basi la usiku, malazi. Siku ya kwanza ilikuwa hotuba za kukaribishana na chai yenye samosa mbili. Siku ya pili jamaa alisoma slaidi zake neno kwa neno. Saa tisa tukapiga picha ya pamoja, tukapewa vyeti vyenye majina yaliyoandikwa vibaya. Mimi hadi leo naitwa jina la mtu mwingine kwenye cheti kile. Nilichojifunza? Kwamba samosa za huko hazina pilipili.

Hiyo si elimu. Ndiyo maana naona hasira zetu tuzielekeze mahali panapofaa. Mtumishi wa serikali kutoka Nairobi akitakiwa kusomea uongozi anaweza kuletwa Matuga, hapa hapa Kwale, kwenye kampasi ya Kenya School of Government. Anakula samaki wetu, anapigwa na upepo wetu, anarudi na cheti. Mwanajiolojia wa Kwale akitaka kujifunza kuhusu ardhi ya Kwale, anapanda basi kwenda Nairobi. Niambie mantiki iko wapi. Vilima viko hapa. Shimo lililobaki la mgodi, na kazi ya kuirudisha ardhi katika hali yake, ni darasa ambalo halipatikani pengine Kenya nzima. Jombo iko hapa, Mrima iko hapa, maji ya chumvi yako hapa. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinachofundisha uchimbaji kiko Voi, si mbali. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa ndiyo hicho hapo ng'ambo ya feri. Kaunti ikitaka, kozi ya siku tano ya uwandani inaweza kufanyika Msambweni kila Agosti, na pesa zisiwe kisingizio: Sheria ya Madini ya 2016 inaipa kaunti asilimia 20 ya mrabaha na jamii asilimia 10. Sehemu ndogo tu ya pesa hizo ingetosha kununua kifaa cha kupimia kinachokaa Kwale na kuazimwa.

Wewe uliyeajiriwa, kuna jambo wengi hawaambiwi. Mwajiri wako anatakiwa kulipa Sh50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, zinazokwenda kwa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Zimetengwa kwa ajili ya mafunzo. Mwajiri aliyelipa, akaomba kibali kabla ya kozi na kutumia mkufunzi aliyesajiliwa, anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama. Nenda kwa mtu wa rasilimali watu, mwulize kwa adabu: sisi tunadai hizi pesa, au tunazilipa tu na kunyamaza? Ukiona anakuna kichwa, umepata jibu.

Na wewe ambaye hujaajiriwa, usingoje mtu wa rasilimali watu. Pakua QGIS, ni bure, inachora ramani zinazotosha kazi nyingi za hapa nchini. Bando la wiki linatosha kuanza. Rafiki yangu aliyekuwa mgodini alianza kuichezea usiku, miaka miwili kabla mgodi haujafungwa, wenzake wakimcheka kwamba anajifanya mtoto wa shule. Sasa anachora ramani za visima na mabomba, na wawili kati ya waliomcheka humpigia simu kuuliza kitufe gani kinafanya nini. Huwajibu, lakini kwanza huwacheka kidogo. Haki yake.

Huku kwetu ujuzi si mgeni, msifikiri tunasubiri kuletewa. Pampu ya mkono ya Afridev, ambayo leo utaikuta vijiji vingi vya Afrika, ilifanyiwa majaribio Kwale miaka ya 1980, na akina mama wa vijijini walikuwa miongoni mwa waliofundishwa kuitengeneza. Hawakuwa na joho. Walifundishwa palepale penye pampu, kwa spana, mpaka wakaweza.

Mjomba alinitumia tena ile video juzi. Safari hii sikumwandikia jibu. Nilimpigia, nikamwambia Jumamosi tupande matatu ya Lunga Lunga, tushuke, nimwonyeshe Mrima kwa macho na kumweleza tani ni nini na hazina ni nini. Amekubali, kwa sharti kwamba nauli na chakula ni juu yangu. Kuna wanafunzi wawili wa jiolojia wanaokuja nasi, na nafasi zimebaki. Ukiwa karibu, tunaondoka stendi ya Ukunda saa moja asubuhi. Beba maji na kofia.