Mashevalie Wadogo wa Mboko

Mtoto wa Mboko akifungua kitabu cha Kifaransa shuleni, siku moja huona picha ya mtu aliyevaa chuma toka kichwani hata miguuni. Amepanda farasi, mkono mmoja ameshika mkuki mrefu, mkono wa pili ameshika ngao. Mwalimu humwambia: "Huyu ni shevalie, askari mpanda farasi wa Ulaya ya zamani." Tangu siku ile mtoto hatulii. Hukata tete kando ya ziwa, hulipanda kama farasi, hukimbia njiani akipiga kelele hata kuku wa majirani hutawanyika. Na siku yake ya kuzaliwa ikikaribia, humwambia mama yake: "Mama, ninataka sikukuu ya mashevalie."

Mama husikia hofu mbili. Kwanza huwaza fedha. Amekwisha kusikia habari za keki inayoagizwa Uvira, ikapakiwa juu ya pikipiki, ikafika Mboko imekuwa uji. Amesikia pia habari za baba aliyekopa dukani kwa ajili ya maputo na soda, akalipa deni miezi mitatu. Pili huwaza jambo zito zaidi. Nchi ya Fizi imeona vita vingi: maasi ya 1964, vita vya 1996, vita vya 1998, na bunduki nyingine nyingi baadaye. Watoto wengi wa kando ya ziwa wamelala porini na mama zao, au wamevuka maji usiku kwenda Kigoma. Kwa nini basi mtoto wa miaka sita apewe upanga, hata ukiwa wa mti, na aambiwe acheze vita?

Hofu ya kwanza ni nyepesi, na dawa yake iko shambani. Hofu ya pili lazima isikilizwe vizuri.

Wako wazazi wasemao: mchezo huo ukatazwe kabisa. Wana sababu, lakini hawakufikiri mpaka mwisho. Mtoto aliyekatazwa mchezo haachi kuucheza, huenda kuucheza nyuma ya nyumba, na huko hakuna mkubwa wa kumwambia "basi." Tena atacheza askari gani? Atacheza yule aliyemwona kwa macho yake barabarani, mwenye bunduki, anayedai kuku na mbuzi za watu. Afadhali achezeshwe askari mwingine, mwenye kiapo. Kwa hiyo shauri linalofaa ni hili: shevalie wa Mboko apewe ngao, asipewe upanga.

Watoto wasidanganywe juu ya mashevalie wenyewe. Hawakuwa watu wema wote. Wengi walikuwa wanyang'anyi waliopanda farasi. Mwaka 989 maaskofu walikutana Charroux, huko Ufaransa, wakatoa laana juu ya watu wa namna tatu: anayevunja na kuiba kanisani, anayempiga padri asiye na silaha, na anayenyang'anya ng'ombe, punda, mbuzi au nguruwe wa mkulima maskini. Mkulima wa Fizi anaelewa neno hilo bila kuelezwa. Polepole, katika miaka iliyofuata, ikaingia desturi kwamba shevalie ale kiapo cha kulinda wasio na nguvu. Wengine walikishika, wengine walikisahau kesho yake. Lakini kiapo chenyewe kilikuwa kizuri, na ndicho cha kuchezwa.

Mtu atasema: hayo ni mambo ya Wazungu, hapa yametoka wapi? Si mbali hivyo. Mwaka 1880 alitoka Ufaransa kuja kwenye ziwa hili la Tanganyika mtu mmoja jina lake Léopold Joubert. Alizaliwa mwaka 1842, na katika ujana wake alikuwa askari wa Papa huko Roma, katika kikosi cha Wazuavu. Wazuavu walikuwa askari wa miguu, kwa hiyo hakuwa shevalie wa farasi na chuma kama yule wa kitabuni. Lakini kazi yake ilikuwa ile ya kiapo. Siku zile wafanya biashara ya watumwa walikuwa wakichoma vijiji vya kando ya ziwa na kuwafunga watu minyororo. Mapadri Weupe walikuwa wamejenga Kibanga mwaka 1883, katika nchi hii ya Fizi, wakawapokea watumwa waliokombolewa. Joubert alikaa zaidi upande wa kusini, Mpala na Mrumbi, akawafundisha watu wa huko kulinda vijiji vyao. Alimwoa mwanamke wa nchi, Agnes. Hakurudi kwao kuzeeka. Alikufa mwaka 1927, akazikwa huku huku.

Joubert alipiga bunduki, hilo halifichwi. Mtoto wake ndiye anayefaa kutajwa zaidi katika sikukuu isiyo na upanga. Padri Albert Joubert, aliyezaliwa Mrumbi mwaka 1908, aliuawa Fizi tarehe 28 Novemba 1964 pamoja na Padri Giovanni Didonè. Siku hiyo hiyo, Baraka, waliuawa Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na silaha. Padri Carrara aliamriwa kupanda gari. Akakataa kumwacha ndugu yake aliyelala chini, akapiga magoti karibu naye. Wote wanne walitangazwa wenye heri Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Watoto wadogo hawahitaji kuambiwa habari za damu siku ya karamu. Yatosha kaka na dada watakaoongoza mchezo wazijue, ili wasiwatafutie wadogo zao mfano wa shujaa mbali sana.

Basi, matayarisho. Kaka na dada wa darasa la tano na la sita wanaweza kuyafanya karibu yote. Mama abaki na jiko tu.

Siku yenyewe ijulikane kwanza. Nyumba nyingi hujua kwamba mtoto alizaliwa wakati wa mvua kubwa, au wakati ndagala zilipojaa, lakini tarehe hakuna. Wazazi watazame katika kitabu cha ubatizo au katika cheti cha kuzaliwa. Na ikiwa kuna mdogo wake mchanga nyumbani, wakumbuke kwamba sheria ya Kongo inawapa siku tisini za kumwandikisha serikalini. Zikipita, kuna safari nyingi na maneno mengi.

Waalikwa wasizidi wanane. Wakizidi, haiwi sikukuu tena, inakuwa soko. Lakini katika wale wanane awemo mmoja ambaye hakuna anayemwalika: yatima wa jirani, au mtoto wa wakimbizi wa Burundi, maana tangu kambi ya Lusenda ifunguliwe mwaka 2015 wako wengi katika upande huu. Wasichana waalikwe kama wavulana, tena wawe mashevalie, wasiwekwe kando kupiga makofi. Akitokea mvulana wa kubisha, aambiwe habari za Jeanne d'Arc, msichana wa shamba, aliyevaa chuma mwaka 1429 akaongoza askari wa Ufaransa mpaka Orléans. Kwa kawaida mvulana hunyamaza.

Saa tisa mpaka saa kumi na moja yatosha. Watoto wa miaka sita wakizidisha hapo huanza kulia na kugombana. Mahali pawe chini ya mwembe. Pasiwe kandokando ya barabara ya Uvira na Baraka, maana pikipiki hazisimami kwa ajili ya mashevalie. Pasiwe pwani ya ziwa pia, kwa sababu inayojulikana.

Ngao ndiyo kazi kubwa, na ndiyo furaha kubwa. Isitengenezwe na wakubwa usiku ili mtoto aikute tayari. Kila mtoto aje aikute bado kipande cha katoni ya sabuni kilichokatwa, chenye kitanzi cha kamba nyuma pa kuingiza mkono. Katoni zikikosekana, maganda makavu ya mgomba yashonwe mawili au matatu pamoja kwa vijiti. Gundi ni uji mzito wa muhogo. Rangi ni mkaa uliosagwa, udongo mwekundu na udongo mweupe. Mashevalie wa zamani waliandika alama juu ya ngao kwa sababu ya maana: kofia ya chuma ilifunika uso, na mtu hakuweza kumtambua rafiki yake. Kila nyumba ikawa na alama yake. Basi kila mtoto achague yake: mtumbwi, mikebuka, mchikichi, mlima, jogoo. Asilazimishwe kuchora simba. Simba hawapo Mboko, na mtoto anayejua samaki vizuri atamchora vizuri. Hapo watoto watanyamaza nusu saa nzima, na mama atapata nafasi ya kukaanga.

Farasi ni uti wa jani la mgomba, uliokatwa majani, ukaachiwa machache ya mkia. Tete si zuri. Likivunjika, ncha yake inachoma jicho. Kofia za chuma ziachwe. Hasa sufuria isivaliwe kichwani, kwa maana kichwa huingia upesi kuliko kinavyotoka.

Ngao zikianikwa zikauka, kila mtoto apige goti na kutoa kiapo chake mwenyewe. Zamani mtoto wa mkubwa alipelekwa kwenye nyumba ya shevalie mwingine akiwa na miaka saba, akatumwa kazi ndogo. Akifika miaka kumi na minne alichukua silaha za bwana wake na kuhudumu mezani. Na baada ya miaka ishirini au zaidi ndipo aligongwa bega kwa upanga, akawa shevalie. Mboko bega liguswe kwa jani la mchikichi, na nyanya wa nyumba ndiye alishike. Kiapo kiwe kidogo, cha kitu ambacho mtoto anaweza kukitenda kesho asubuhi: "Nitambebea nyanya maji." "Sitampiga mdogo wangu." "Nitampitia jirani tuende shule pamoja." Mtoto asiapishwe maneno makubwa ya kuilinda nchi. Nchi ni kazi ya watu wazima, na hata wao inawashinda.

Michezo miwili yatosha. Wa kwanza ulichezwa na mashevalie wa kweli: pete hutundikwa, naye mpanda farasi hupita mbio na kuitoboa kwa mkuki. Pete ya Mboko ni kata ya majani, kubwa kama kichwa cha mtoto, iliyofungwa kwenye tawi la mwembe. Mkuki ni uti mwingine wa jani la mgomba, laini. Wapite mmoja mmoja, wengine wakae nyuma ya mstari.

Mchezo wa pili ni wa ngao, nao ndio kiini cha sikukuu yote. Mtoto mmoja akae katikati juu ya kigoda. Huyo ndiye kijiji. Wanne wamzunguke na ngao zao. Wengine wasimame mbali hatua kumi, wakitupa mipira ya majani makavu ya mgomba. Mpira ukimgusa aliye katikati, walinzi wabadilishane na watupaji. Hakuna anayekufa, hakuna anayeanguka chini akijifanya maiti. Kila mtoto apate zamu ya kuwa kijiji. Hapo huonekana jambo la ajabu: watoto wenye mbio na kelele si walinzi wazuri. Mlinzi mzuri ni yule anayetazama, na mara nyingi ni mtoto mpole ambaye darasani hakuna anayemwona.

Zawadi za mshindi zisiwepo. Kwa nini wanane waje na saba warudi wamenuna?

Chakula kiwe kile kile cha nyumbani, kilichopikwa kwa moyo: ndagala zilizokaangwa kwa mawese, muhogo wa kuchemsha, ndizi mbivu, maandazi, maji ya malimau yenye sukari. Anayetaka keki atie mshumaa mmoja juu ya andazi kubwa. Mtoto atauzima kwa pumzi ile ile. Hadithi za zamani husema kwamba mfalme Arthur aliwaketisha mashevalie wake kwenye meza ya duara, ili asiwepo wa kukaa mbele ya mwenzake. Wazungu husimulia habari hiyo kama jambo kubwa. Watoto wa kando ya ziwa hula hivyo kila siku, wakizunguka sinia moja juu ya mkeka.

Mwenye siku yake asivikwe taji wala asikalishwe kitini kama chifu. Desturi hiyo imeingia katika miji, nayo huwaharibu watoto upesi. Yeye ndiye achukue birika na beseni, awanawishe wageni wake mikono mmoja mmoja, kisha aketi wa mwisho. Mtoto wa miaka sita hufanya kazi hiyo kwa fahari kubwa, na humwaga maji mengi.

Jua likianza kushuka upande wa milima, kila mgeni aende na ngao yake. Mipira ya majani na farasi wote wapewe mbuzi.