Ziwa likifungwa, mama lishe wa Kasulu na Kibondo anakata mgebuka vipande vingapi?

Ingia kwa mama lishe karibu na stendi ya Kasulu saa saba mchana, swali ni lilelile: "Mama, leo kuna nini?" Jibu nalo linajulikana: ugali wa muhogo, maharage, dagaa, na siku ikiwa njema, mgebuka.

Huyo mgebuka ndiye mwenye habari. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Ni makubaliano ya nchi 4 zinazopakana na ziwa: Tanzania, Burundi, DRC na Zambia. Mjadala mwingi ulikuwa wa wavuvi wa mwambao, na ni haki yao. Huku milimani nani aliulizwa?

Tupige hesabu ya kibandani. Mteja ni dereva wa bodaboda, kibarua, au mkulima aliyeshuka sokoni. Anakuja na hela yake kamili ya sahani moja. Ukimpandishia bei anahamia kibanda cha pili. Kwa hiyo mama hapandishi, anapunguza: mgebuka wa vipande viwili anatoa vitatu, na mchuzi unakuwa mwepesi. Bei ubaoni ni ileile, ila mteja anaondoka hajashiba. Kibondo, iliyo mbali zaidi na ziwa, samaki anafika na nauli juu yake.

Nafuu ipo kwenye maharage, maana yanalimwa hukuhuku. Lakini mtu anayebeba mizigo kutwa na kula maharage mchana na usiku kwa miezi 3, usimwambie habari za nafuu.

Dagaa wakavu wanahifadhika. Mwenye mtaji ananunua magunia kabla ya Mei na kibanda chake hakitetereki. Mama lishe wengi wananunua cha leo kwa mauzo ya jana. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati ya hizo zikiwa za wanawake. Kikundi cha mama lishe kikipata fedha hizo Machi, kinanunua dagaa. Zikitoka Julai, ziwa limeshafungwa na waliobaki na magunia wanauza kwa bei wanayotaka wao.